Deni la Mchukuzi wa Habari



Wazee wetu walisema: mjumbe hauawi. Maana yake yajulikana. Mtu aliyetumwa kuleta habari mbaya asiadhibiwe kwa ubaya wa habari hiyo, kwa kuwa si yeye aliyeutenda. Methali hii ni ya haki, nasi hatuna nia ya kuipinga. Lakini siku hizi twaisikia ikitumiwa kwa namna ambayo wazee hawakuikusudia. Mtu amewapelekea jirani zake habari ya uongo, habari hiyo ikamvunjia mwenzake heshima, na anapoulizwa hujibu, “Mimi niliambiwa tu,” au, “Mimi niliipokea kwenye simu, nikaipeleka kama ilivyokuja.” Akiisha kusema hivyo hujiona ni safi. Je, ni safi kweli? Mchukuzi wa habari ana deni gani kwa yule anayempelekea, na kwa yule anayesemwa?

Swali hili si geni katika Kanisa. Ili tulione vema, turudi nyuma mpaka Zama za Kati, yaani tangu karne ya 5 hivi mpaka karne ya 15, wakati ambapo Wakristo hawakuwa na gazeti wala redio, na kwa sehemu kubwa ya wakati huo mashine ya kupiga chapa ilikuwa bado kufika Ulaya. Wengi wetu hudhani kwamba mahali ambapo neno lilikuwa ghali na la taabu, uongo nao ulikuwa haba. Tutazame kama ni kweli.

Tuanze na kitabu. Wenzetu wa Ethiopia, Wakristo wa kale kuliko sisi sote katika upande huu wa Afrika, wanacho mpaka leo kitabu cha Injili katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa. Wataalamu waliopima ngozi zake wameona kwamba zatoka kati ya karne ya 4 na karne ya 7. Tunasema ngozi, kwa sababu kitabu kiliandikwa juu ya ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyolowekwa, ikawambwa kwenye fremu, ikaparuzwa mpaka ikawa laini, ndipo ikakatwa kurasa. Kitabu kikubwa kiliweza kumaliza zizi zima. Mtu wa kihambani anayelisha mbuzi wake watatu wanne kwa majani na magogo ya mgomba ataelewa upesi gharama yake. Na mwandishi wa Ethiopia alipomaliza kazi, mara nyingi aliandika jina lake mwishoni na kuomba msomaji amkumbuke katika sala. Hivyo aliyeshika kitabu alijua ni mkono wa nani ulioandika.

Barua nayo ilikuwa na desturi yake. Mtu mkubwa alimtajia karani maneno, karani akaandika, barua ikatiwa muhuri wa nta na kukabidhiwa mjumbe. Aghalabu jambo zito halikuandikwa hata kidogo, bali barua ilisema kwamba mchukuzi wake ataeleza mengine kwa mdomo. Mpokeaji alisoma, kisha akamgeukia mjumbe na kumhoji: Umetoka lini? Umeyaona mwenyewe? Desturi hii ilikuwa ya kale. Katika Waraka kwa Warumi, Tertio aliyeuandika kwa mkono wake anajitaja jina. Na katika Waraka kwa Wakolosai, Mtakatifu Paulo anawaachia Tikiko, mchukuzi wa waraka, kazi ya kuwaeleza hali yake. Waraka na mtu vilisafiri pamoja.

Kadhalika kengele. Kengele ya parokia iliwaita watu kwenye ibada, ikawapa habari ya msiba, ikawaonya juu ya moto. Wote waliisikia kwa wakati mmoja, na wote walijua ni nani aliyepewa kamba. Ndivyo ilivyokuwa huku kwetu kwa mbiu ya mgambo. Aliyeipiga bila jambo alikuwa na la kujibu mbele ya wazee.

Basi, kwa desturi njema, neno la wakati ule lilikuwa na mwenyewe. Lakini desturi njema si ulinzi kamili, na historia ya wakati ule ule yatuonyesha mambo mawili ya kuhuzunisha.

Jambo la kwanza ni barua. Yapata mwaka 1165 ilianza kuenea Ulaya barua iliyosemekana imeandikwa na mfalme mmoja wa mashariki, Mkristo, aliyeitwa Kuhani Yohana, akimwandikia Manuel, mfalme wa Constantinople. Barua ilieleza kwamba wafalme 72 walimlipa kodi, kwamba mto wa nchi yake ulileta vito vya thamani, na kwamba kwake hakuna maskini. Tena ilisema kwamba katika nchi ile hakuna mtu asemaye uongo. Barua yenyewe ilikuwa uongo. Aliyeitunga hajulikani mpaka leo. Hata hivyo waandishi wa monasteri na wa majumba ya wakubwa waliinakili kwa mkono, kwa uangalifu na kwa wino mzuri, na nakala zake zilizobaki zahesabiwa kwa mamia. Mwaka 1177 Papa Alexander wa Tatu alimwandikia mfalme huyo barua, akampa tabibu wake Philip aipeleke. Habari za safari ile hazikusikika tena.

Kwa nini watu waliamini? Kwa sababu walitaka kuamini. Wakristo wa Ulaya walikuwa wakipigana vita katika Nchi Takatifu na mambo yaliwawia magumu, nao walitamani sana kuwa na rafiki mwenye nguvu upande wa pili. Baadaye walianza kumtafuta mfalme huyo katika Ethiopia. Mwaka 1441 watawa wa Ethiopia walifika kwenye Mtaguso wa Florence, na wakubwa wa Kanisa wakawa wanamwita mfalme wao Kuhani Yohana. Watawa walishangaa. Mfalme wao aliitwa Zara Yaqob, na jina lile halikuwamo katika majina yake. Hapo palikuwa na mashahidi wenyewe, watu wa nchi ile, wenye kusema kwa kinywa chao, na bado karatasi ilishinda. Wareno waliopita pwani yetu mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama walikuwa wamechukua barua za kumpelekea Kuhani Yohana. Na Padre Francisco Álvares, aliyekaa Ethiopia miaka 6 tangu 1520 na kuona kwa macho yake, kitabu chake kilipopigwa chapa mwaka 1540 kiliitwa habari za kweli za nchi za Kuhani Yohana. Uongo uliokwisha kusafiri miaka karibu 400 ulikuwa umejipatia kiti hata kwenye jalada la kitabu cha kweli.

Twaweza kusema kwamba barua ile haikumwua mtu. Jambo la pili liliua. Mwaka 1347 tauni kuu iliingia Ulaya, watu wakafa kwa idadi ya kutisha, na hakuna aliyejua sababu. Ndipo ukazuka uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Katika ngome ya Chillon, kando ya ziwa la Geneva, Wayahudi kadhaa waliteswa mpaka wakakiri yale waliyotakiwa kukiri. Maungamo hayo yaliandikwa vizuri, nakala ikapelekwa katika mji wa Strasbourg. Papa Clement wa Sita aliandika mara mbili katika mwaka 1348 kuupinga uvumi huo, na hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtoto angeielewa: Wayahudi wenyewe wanakufa kwa tauni hiyo hiyo, na tena tauni imefika hata mahali wasipokaa Wayahudi. Hoja haikusikilizwa. Tarehe 14 Februari 1349, mamia ya Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, na wakati huo tauni ilikuwa haijafika katika mji ule.

Wapendwa, tumwangalie karani aliyenakili maungamo yale. Huenda alikuwa mtu mpole, mwenye watoto, mwenye kuhudhuria misa. Hakumtesa mtu, wala hakuwasha moto. Alinakili tu, na pengine hakukosea hata herufi moja. Hapa ndipo twaona kwamba kuna uaminifu wa aina mbili. Upo uaminifu wa kutobadili neno ulilopokea, nao ni mwema. Na upo uaminifu wa kuuliza kama neno hilo ni kweli, na litamfanya nini mtu linayemhusu. Karani wa Chillon alikuwa na wa kwanza, akakosa wa pili. Anayesema, “Niliipeleka kama ilivyokuja,” anajisifia ule wa kwanza tu.

Lakini msomaji mwenye busara atatujibu: “Basi tusiamini lolote mpaka tuone wenyewe?” La hasha. Kutoamini nako kwaweza kuwa kosa, na mfano wake tunao juu ya vichwa vyetu kila asubuhi mawingu yanapoondoka.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, aliutazama Mlima Kilimanjaro na kuona weupe kileleni. Kiongozi wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule “baridi” tu. Rebmann aliyekulia nchi ya theluji alijua ni kitu gani. Mwaka 1849 habari yake ilipigwa chapa Uingereza katika jarida la chama chake. Akatokea mtaalamu wa jiografia wa huko, William Desborough Cooley, akasema kwamba jambo hilo si kweli, na akaendelea kulikana kwa miaka mingi. Cooley hakuwa amefika huku. Alikuwa na vitabu na ramani, na vitabu vyake havikuwa na nafasi ya theluji karibu na ikweta. Rebmann alirudi Uchagani mara mbili nyingine akiuona mlima ule ule. Ilibidi kungoja mpaka safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862, na ile ya Charles New aliyefika kwenye theluji mwaka 1871, kabla wataalamu hawajatulia. Na Wachagga waliokuwa wakiitazama Kibo tangu mababu, hakuna wa Ulaya aliyefikiri kuwauliza wao kwanza.

Ajabu iliyoje! Barua ya Kuhani Yohana, iliyoandikwa na mtu asiyejulikana juu ya nchi asiyoiona, ikaaminiwa karne kwa karne. Barua ya Rebmann, mtu mwenye jina, aliyeona kwa macho, aliyekuwa tayari kuulizwa, ikakataliwa. Tukiyaweka haya mawili pamoja twaona kwamba kipimo cha habari si kuamini wala kutoamini. Kipimo ni hiki: je, neno hili linaye mtu? Yaani yuko shahidi aliyeona au aliyesikia mwenyewe, aliye huru kusema, na ambaye twaweza kumrudia na kumhoji? Kuhani Yohana hakuwa na shahidi. Maungamo ya Chillon yalikuwa na watu, lakini hawakuwa huru. Mtu anayeteswa hasemi ayajuayo, husema yatakayokomesha maumivu. Rebmann alikuwa shahidi aliye huru, na alistahili kusikilizwa. Neno lisilo na mtu ni kama mtoto anayeokotwa njiani. Yatupasa kuuliza ni wa nani kabla ya kumpeleka nyumba kwa nyumba.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Sisi Waanglikana wa Moshi tumekwisha kuonja uchungu wake. Mwaka 1885 Church Missionary Society ilianza kazi hapa Moshi, katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwezi wa Juni 1892, majeshi ya Wajerumani yakiongozwa na von Bülow yalishindwa vitani na Mangi Meli, mwana wa Rindi, na von Bülow akafa. Mara wamisionari wa Kiingereza wakashtakiwa kwamba wamewapatia Wachagga bunduki na kuwachochea. Wao walikana. Lakini watawala walikuwa wameshindwa, na mtu aliyeshindwa hutafuta wa kumlaumu kama vile watu wa Strasbourg walivyotafuta. Mwaka ule ule misheni ilihama kwenda Taveta, na mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig wakaingia Kilimanjaro. Hatusemi hivi kuwaonea kijicho ndugu zetu Walutheri, ambao kazi yao twaiheshimu na shule zao zimetusomeshea watoto. Twasema tu kwamba shtaka lililopita mkono kwa mkono laweza kubadili historia ya mlima mzima.

Sasa tuje kwetu leo. Tuseme kwamba katika kitongoji kimoja mtoto ameugua ghafla na kufariki. Nyumba ina kilio, na watu wenye uchungu hutafuta sababu. Mtu mmoja anasema kwamba jana yake mtoto alikunywa maziwa kwa bibi fulani, mjane, anayeishi peke yake kando ya mfereji. Hasemi zaidi. Wa pili anaongeza neno. Kabla ya jua kuchwa habari imekwisha kuandikwa kwenye simu, pamoja na jina la yule bibi, na imeingia katika kikundi cha WhatsApp cha jumuiya, na cha wanakwaya, na cha watu wa ukoo walioko Dar es Salaam. Kesho yake hakuna anayenunua maziwa yake. Wajukuu zake wanakaa peke yao darasani. Wiki ya pili majibu ya hospitali yanafika: mtoto alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Je, majibu hayo yanafika katika vikundi vyote vile vilivyopata habari ya kwanza? Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na ambao sasa tumestaafu na kukaa kijijini, twajua jibu. Hayafiki. Aliyetuma ameshanyamaza, na bibi anabaki na jina lake jipya mpaka kaburini.

Tusijidanganye kwamba jambo hili lisingekuwako bila simu. Strasbourg hapakuwa na simu. Simu imefanya jambo moja tu: imeondoa gharama. Zamani hata mwongo alihitaji ngozi, wino, karani na mpagazi, na katika kungoja huko mtu aliweza kujirudi. Leo kidole kinatosha. Kwa hiyo gharama ambayo zamani ilidaiwa na mbuzi na njia, sasa hapana budi tuitoe sisi wenyewe kwa hiari. Hilo ndilo deni la mchukuzi, na twaliona katika sehemu tatu.

Kwanza, ataje alikopata. Si kusema “inasemekana,” kwa maana “inasemekana” si mtu. Kama hawezi kumtaja aliyemwambia, au kama aliyemwambia naye hawezi kumtaja wa kwake, basi neno halina mtu, na lisipite kwake.

Pili, ampime yule anayesemwa. Habari ya mvua au ya bei ya kahawa ikiwa na kosa, hasara yake hurekebika. Habari inayogusa jina la mtu yataka shahidi wa uhakika zaidi, kwa sababu jina likivunjika halina fundi. Amri ya 9 haikumtaja mtungaji wa uongo peke yake; yamhusu kila ashuhudiaye juu ya jirani yake, na anayepeleka habari ya jirani ameingia katika ushahidi, apende asipende.

Tatu, arudi. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ikithibitika kwamba habari haikuwa kweli, aliyeipeleka aifuate njia ile ile, kwa watu wale wale, aseme kwa jina lake kwamba haikuwa kweli. Haitoshi kunyamaza, wala haitoshi kuungama kwa Mungu chumbani huku jirani akiendelea kuumia. Sisi watu wa milimani twaijua njia ya kwetu: kutoka kilima kimoja kwenda cha pili ni kushuka korongoni, kuvuka mto na kupanda tena. Uongo sasa huruka juu ya makorongo hayo. Toba ya uongo ingali ikienda kwa miguu, mlango kwa mlango, na mlango wa kwanza ni wa yule bibi.

Huenda wengine watasema kwamba mzigo huu ni mzito, na kwamba tukiubeba tutakuwa na habari chache za kusimulia baada ya ibada. Ni kweli, zitapungua. Lakini zitakazobaki zitakuwa na watu ndani yake, na mtu atakayesikia jambo kwetu atajua kwamba aweza kurudi kesho na kutuuliza. Parokia ambayo watu wake huaminika hivyo imekwisha kuhubiri hata kabla kasisi hajapanda mimbarini. Itawezaje kuaminiwa katika Habari Njema, ikiwa haiaminiki katika habari za jirani?

Mjumbe hauawi: methali hii twaishika bado. Lakini tukumbuke ilimhusu mjumbe wa namna gani. Ilimhusu mtu aliyefika kwa miguu yake, akasimama mbele ya watu, akamtaja aliyemtuma na kungoja maswali. Huyo ana haki ya kulindwa. Nasi tukitaka ulinzi wake, imetupasa kusimama mahali aliposimama yeye.